Hodi Isiyo na Jina

Asubuhi yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Kiatu kimoja cha Kasuku kilikuwa hakionekani, chai ilikuwa imefurika mpaka ikazima jiko, na mama yake alikuwa akisema "subiri kidogo, mwanangu" huku macho yote yako kwenye simu. Kasuku akasubiri. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, mdomo haukai, ndiyo maana akabandikwa jina hilo. Lakini neno "subiri" lilishamfundisha kunyamaza.

Mama yake, huko kazini walimwita Bi Kiini. Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja iliyo mama wa zote, inayoamua nani afanye nini na nani akae wapi, na wenyewe wanaiita kiini cha mfumo. Yeye alikuwa mtunzaji wa hicho kiini katika kituo kinachokodisha mashine kubwa kubwa, zile zinazojaza chumba kizima na kunguruma kutwa kucha. Na katika kiini chenyewe alishika jambo moja tu, kumbukumbu.

Mashine zile zilikuwa na kumbukumbu za namna mbili. Kuna ya karibu, iliyobanana na kichwa cha mashine, nyepesi kujibu lakini ndogo. Na kuna ya mbali, pana, imeungwa kwa waya kutoka kabati jingine, ukiiita inajikongoja. Kila ambacho programu inakikumbuka hukaa kwenye kurasa, na kurasa zote haziwezi kuenea karibu. Lazima mtu aamue, huu ukae, ule upishe.

Kuamua huko Bi Kiini hakukujifunza chuoni. Alijifunza kwa mama yake mzazi. Bibi yule sebule yake ilikuwa ndogo na vitu vingi, na kanuni yake ilikuwa moja: "Kisichoguswa kiende stoo." Sufuria isiyopikiwa, stoo. Kiti kisichokaliwa, stoo. Ukikitaka utakifuata mwenyewe, na siku ukikirudisha sebuleni kuna kingine kitapisha. Binti akaichukua kanuni kama ilivyo, akaiandika ndani ya kiini. Ukurasa usioguswa unapoa, na ukishapoa unasukumwa mbali. Ukiguswa tena unaletwa karibu, na ule uliopoa kuliko wenzake unatolewa kuupisha.

Sasa kiini kitajuaje kwamba ukurasa wa mbali umeguswa? Kinaufunga mlango. Anayeutaka atagonga, nacho kitasikia. Kugonga huko ofisini walikuita hodi. Na kile kipande cha maelekezo kinachoitikia hodi na kuuleta ukurasa, Bi Kiini alikiita *karibu*. Karibu ya kumpokea mgeni, na karibu ya kutokuwa mbali. Siku alipokiandika alicheka peke yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akamwambia fundi wa nyaya aliyekaa meza ya pili. Fundi huyu, ambaye wote walimwita Nyaya tu, naye akacheka.

Lakini karibu hiyo ilikuwa na swali mbele yake. Hodi ikipigwa, kiini kiliuliza kwanza, nani? Programu gani, ya mteja gani? Ndipo kifungue. Hilo nalo lilitoka kwa bibi, ambaye maisha yake yote hakumwitikia mtu asiyejitaja. "Hodi isiyo na jina haiitikiwi," alikuwa akisema. "Hujui umekaribisha nini."

Siku ile, jamani, Bi Kiini akaliondoa swali.

Wateja walikuwa wamelalamika kwamba mashine zimekuwa nzito, na kuuliza nani, nani, nani kutwa nzima kunakula muda. "Atakayebisha hodi humu ni nani, kama si programu zetu wenyewe?" akasema. Nyaya akatikisa kichwa. "Haraka haraka, dada..." Bi Kiini akamkatiza, "Niondolee methali zako hapa." Akabonyeza. Mashine zikawa nyepesi kweli, mkuu wa kitengo akatoka ofisini kwake kuja kupiga makofi. Chai ya Bi Kiini ikapoa mezani bila kunywewa, kama siku zote. "Kikombe hiki nacho kimeshahamia stoo," Nyaya akamtania.

Mchana, watu wametoka kwenda kula, Bi Kiini akaona kitu kwenye kioo cha kompyuta.

Kuna hodi ilikuwa imepigwa kwenye ukurasa mmoja wa mbali. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba hodi ile haikuwa na mwenyewe. Hakuna programu iliyoutaka ule ukurasa wala mteja aliyewahi kuumiliki. Kiini, kama kilivyoelekezwa, kilikuwa kimesema karibu, kikauleta. Akaufungua atazame kilichomo. Ulikuwa mtupu. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Na bado ulikuwa wa moto, ukiguswa na kuguswa tena mbele ya macho yake.

Akamwita Nyaya aliporudi. Nyaya akainama, akatazama sana.

"Kama hakuna anayeugusa kutoka nje," akasema taratibu, "basi unaguswa kutoka ndani."

"Acha mambo yako," Bi Kiini akasema, lakini hakucheka.

Hapa lazima tuseme habari za bibi. Alifariki msimu wa mvua uliopita. Yeye ndiye aliyemlea Kasuku, maana baba wa mtoto alishajiondokea zamani, na mama mtu alikuwa wa kazi. Bibi ndiye aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyesikiliza porojo zake zote bila kusema subiri. Alipozikwa, Bi Kiini alikichukua kile kiti kifupi alichokalia akimsuka mjukuu, akakitia stoo, akafunga mlango. Hakulia sana. Alijiambia atalia akipata nafasi, na nafasi haikupatikana.

Jioni ile, jua bado liko juu ya paa za majirani, Bi Kiini alikuwa jikoni anaosha vyombo huku kichwa kiko kwenye ule ukurasa. Mlangoni pakagongwa.

"Hodi."

"Karibu!" akajibu. Mdomo ulitangulia akili.

Mlango ukafunguka. Hakuingia mtu. Ila pakaingia harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya majani, ambayo mama yake alikuwa akijipaka magotini kila jioni. Bi Kiini akakausha mikono, akatoka sebuleni. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kile kiti kifupi kilikuwa katikati ya sebule.

"Kasuku! Nani amekitoa hiki?"

"Si mimi, mama." Mtoto alikuwa amekaa chini kandokando ya kiti, mgongo amekipa, vile alivyokuwa akikaa kusukwa.

Bi Kiini akakigusa. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Tangu hapo mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo, na yakaanzia kwa mtoto. Mama wa jirani ndiye aliyekuwa akikaa na Kasuku akitoka shule. Siku iliyofuata, Bi Kiini alipopita kumchukua, jirani akafungua mlango kwa uso wa mshangao. "Karibu, shoga. Kulikoni leo?"

"Nimemfuata mwanangu."

"Mwanao?" Jirani akageuka. Kasuku alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma yake, mkoba mgongoni, miguu inaning'inia. "Ee Mungu wangu! Ameingia saa ngapi huyu? Hata chakula sijampa!"

Wakacheka, kile kicheko cha kuondoa aibu. Njiani Bi Kiini akamshika mtoto mkono. Ulikuwa baridi. Akampima paji la uso, hana homa. Mkono tu, baridi kama maji ya mtungi.

"Mwalimu leo hakuniita jina," Kasuku akasema. "Ameita watu wote."

"Labda hukusikia."

"Nilisikia, mama. Nilinyoosha mkono mpaka ukachoka."

Kesho yake usiku, wakati wa chakula, Bi Kiini akapakua, akakaa, akaanza kula. Alikuwa na njaa, akala vizuri tu. Kile kiti kifupi kilikuwa pale pale sebuleni. Alishakirudisha stoo, na kilikuwa kimerudi. Akasikia sauti ndogo kando yake.

"Mama. Na mimi?"

Akainua uso. Kasuku alikuwa amesimama pale pale muda wote. Na mezani palikuwa na sahani mbili. Moja yake. Nyingine alikuwa ameiweka, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya kiti cha bibi.

Mama akaachia kijiko. Akamkumbatia mtoto. Alikuwa amemsahau. Yeye, aliyemzaa! Wahenga walisema lisilokuwapo moyoni, na machoni halipo, na sasa methali ilikuwa imesimama mbele yake ikiomba chakula. Hapo ndipo alipoelewa. Kumbukumbu ya karibu ni ndogo. Ukimleta mmoja, mmoja anapisha. Amemkaribisha mtu bila kumuuliza jina, na anayepishwa ni yule asiyeguswa. Na ni nani katika nyumba ile aliyekuwa haguswi? Ni yule aliyeambiwa subiri.

Usingizi haukuja. Alikaa amemshika mtoto mkono, akiogopa kuuachia hata kujikuna.

Asubuhi hakumpeleka shule. Alikwenda naye ofisini, wameshikana. Mlinzi akamsalimia yeye peke yake. Mkuu wa kitengo akampita Kasuku kama anavyopita kiti. Nyaya akavuta kiti chake cha meza ya pili, ambacho Kasuku alikuwa amekikalia, akataka kukaa, na Bi Kiini akapiga ukelele. "Utamkalia mtoto!"

"Mtoto gani?" Nyaya akauliza. Alikitazama kile kiti, akamtazama dada yake wa kazini kwa huruma. "Dada, umelala kweli?"

Bi Kiini akageukia mashine. Mkono wa kushoto umemshika Kasuku, wa kulia uko kwenye vibonyezo. Ule ukurasa mtupu bado ulikuwa karibu, wa moto kuliko zote. Akalirudisha swali mahali pake. Nani? Na safari hii akaongeza ukali kuliko mwanzo. Asiyejulikana mwenyewe, asiitikiwe. Abishe mpaka achoke. Asiletwe karibu kamwe, hata mara moja. Akalipitia mstari kwa mstari, kama anayekagua komeo. Kisha akaushika ule ukurasa kuusukuma mbali, na hapo vidole vikagoma.

"Nisamehe, mama," akanong'ona.

Akabonyeza.

Mkono wa Kasuku ukaanza kupata joto. Kwanza vidole. Kisha kiganja. Na Nyaya akaruka nyuma. "Lo! Huyu ameingia saa ngapi?"

Bi Kiini akalia. Alilia kilio chote alichokuwa amekiweka, kimya kimya, uso kwenye nywele za mtoto, mbele ya watu wa ofisi, bila kujali. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, hakijaguswa. "Twende nyumbani," akasema. "Leo siendi kokote, nakaa na wewe tu." Kasuku akaongea tangu mlangoni mpaka nyumbani, na mama yake akasikiliza kila neno.

Walikitia kiti stoo wote wawili. Wakafunga. Wakacheka kwa sababu ufunguo ulikuwa umekwama na Kasuku akauita majina ya ajabu. Ilikuwa jioni nzuri, dirisha liko wazi, watoto wa mtaani wanapiga kelele. Bi Kiini akaingia jikoni kuandaa chakula. Kasuku akabaki sebuleni na rangi zake.

Mlangoni pakagongwa.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya bibi. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyetoka mbali na kuchoka.

Bi Kiini akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Moyo ukamwambia itikia, akaukatalia. Akasimama pale, kisu kimeanguka, hapumui. Hakuitikia. Hakuitikia! Asiyejitaja haiitikiwi hodi yake, abishe mpaka achoke.

Alisahau kitu kimoja. Nyumba ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa amefunzwa adabu.

"Karibu, bibi!" Kasuku akapaza sauti kwa furaha.

Bi Kiini alipokimbilia sebuleni, kiti kifupi kilikuwa katikati. Kasuku alikuwa amekaa chini mbele yake, macho ameyafumba nusu, kichwa kinavutwa kidogo kidogo upande huu na upande ule. Nywele zake zilikuwa zinasukika zenyewe.

"Kasuku."

Mtoto hakugeuka.

"Kasuku! Mwanangu, nitazame!"

Mtoto alikuwa anasimulia habari za ufunguo uliokwama. Akasimulia akacheka, akanyamaza kama anayesikiliza jibu, akacheka tena. Mama akapiga magoti, akamshika bega. Kasuku akajikunyata. "Bibi, kuna baridi."

Kiini cha mama kilikuwa na kumbukumbu yake, na moyo wa mtoto nao una sebule yake. Ni ndogo. Anayekaa humo ni yule anayemgusa, na aliyepoa anapisha. Siku moja ya kusikilizwa ni kitu gani mbele ya miaka yote ya subiri kidogo?

Bi Kiini akatoka mbio kumwita jirani. Jirani alikuwa dirishani kwake, anatazama nje moja kwa moja. Akamwita, akampungia mikono miwili. Jirani akatazama kushoto, akatazama kulia, akafunga dirisha.

Akarudi. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa.

Akagonga.

"Hodi! Kasuku, ni mimi!"

Kisha akasikia vinyayo vya mtoto vikija mpaka nyuma ya mlango.

"Bibi, kuna mtu anabisha hodi."

Na sauti ya bibi, ile ile, ya upole, ikatoka sebuleni. "Anasema yeye ni nani?"

Bi Kiini akafungua kinywa kusema jina lake. Akasikia pumzi yake inatoka. Neno halikutoka. Akajaribu tena. Akajaribu kusema mama yako, maneno mawili tu.

"Hasemi," Kasuku akasema.

"Basi usiitikie, mjukuu wangu. Hodi isiyo na jina haiitikiwi."

"Subiri kidogo!" mtoto akaupazia mlango sauti, kwa adabu. Na vile vinyayo vikarudi ndani.

Mama wa jirani husema siku hizi Kasuku amependeza, nywele zimesukwa vizuri kila asubuhi. Ukimuuliza jirani huyo mtoto anasukwa na nani, anaanza kukutazama, kisha anakumbuka ana kitu jikoni.

Kule kituoni, ile meza ya kwanza haina mtu, na mkuu wa kitengo anasema haijawahi kuwa na mtu. Mashine zinakwenda vizuri. Ila kuna ukurasa mmoja wa mbali, mtupu, hauna mwenyewe, na unabisha hodi mchana na usiku bila kupumzika. Kiini kinauliza, nani? Kinasubiri jibu. Hakipati. Kinaufungia. Unabisha tena. Mafundi wamejaribu kuilegeza kanuni ile, imewashinda. Wanasema aliyeifunga alifunga sawasawa, ila hakuna anayejua ni nani.

Nyaya ndiye pekee ambaye bado ana habari hii, na hata yeye inamtoka ikipita siku mbili tatu. Kwa hiyo kila akiingia kazini hupita kwanza kwenye ile meza, akakishika kikombe kilichoachwa pale. Ndani hamna chai, kimekauka zamani na sehemu ya chini imeingia ufa.

Anakishika kwa kitambaa, maana kinaunguza.